Sanaa za Maonyesho kwa Vijana wenye Ulemavu: Kazi ya Mwalimu Anayejitolea

UTANGULIZI

Wanachuo wengi wa ualimu hutumia baadhi ya Jumamosi zao kujitolea katika shule na vituo vya vijana wenye ulemavu. Wengine hufundisha kusoma, wengine hulima bustani, na wengine huendesha warsha za ngoma, nyimbo, hadithi na maigizo. Makala haya yanawahusu hao wa mwisho. Shabaha yake ni tatu: kueleza kwa nini sanaa za maonyesho zina nafasi kubwa katika malezi ya vijana hao; kuonyesha njia za kuziendesha; na kumtahadharisha mwanachuo juu ya namna ambavyo nia njema inaweza kugeuka kuwa dharau.

Isidhaniwe kwamba jambo hili linawahusu tu watakaosomea elimu maalumu. Mwalimu wa shule ya msingi yeyote, apangiwe mjini au kijijini, hana budi kutarajia kuwakuta darasani mwake mtoto asikiaye kwa shida, mtoto mwenye ualbino asiyeuona ubao vizuri, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Anayejizoeza mapema kuwapanga watoto wa namna mbalimbali katika duara moja la ngoma, atajua baadaye kuwapanga katika somo la hesabu.

KWA NINI SANAA ZA MAONYESHO?

Jibu la kwanza ni la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 30 kinazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, si kwa manufaa yao wenyewe tu, bali pia kwa kuitajirisha jamii nzima. Neno hilo la mwisho ni zito. Maana yake ni kwamba kijana huyu anacho cha kutupa, nasi tusipompa nafasi tunajinyima wenyewe.

Jibu la pili ni la ushahidi. Mjini Kinshasa, kikundi cha Staff Benda Bilili, ambacho wengi wa wanamuziki wake walipooza miguu kwa ugonjwa wa polio, kilifanya mazoezi katika eneo la bustani ya wanyama ya mji huo. Mmoja wao, kijana mdogo, alipiga chombo cha uzi mmoja kilichotengenezwa kwa kopo. Mwaka 2009 walitoa albamu iliyosikika Ulaya na kwingineko. Katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, watu wenye ualbino walitunga nyimbo kuhusu maisha yao wenyewe, zikatolewa katika albamu mwaka 2017. Evelyn Glennie wa Scotland, aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni, ni mpiga ngoma mashuhuri duniani. Hupiga akiwa amevua viatu ili ausikie mtetemo kwa miguu. Na mjini London kikundi cha tamthilia kiitwacho Graeae, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimeendelea kuongozwa na kuigizwa na watu wenye ulemavu wenyewe.

Jibu la tatu ni la kielimu. Katika maigizo mtoto hujifunza kungoja zamu, kukumbuka mfululizo wa matendo, kumtazama mwenzake na kuisema nia yake kwa maneno, kwa ishara au kwa mwili. Hata hivyo, mwalimu asiigeuze sanaa kuwa dawa. Mtoto asiyeweza kutembea hachezi ngoma ili apone. Anacheza kama achezavyo mtoto mwingine yeyote: kwa sababu ngoma ni tamu na ni yake.

LUGHA TUNAYOITUMIA

Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli moja na kiti na kikapu. Lakini tunapofika kwenye kitendo, hatusemi "kipofu kimekuja". Twasema "kipofu amekuja". Upatanisho wa sarufi unamrudisha mtu katika utu wake. Nasi tufanye hivyo katika kauli zetu zote. Siku hizi twasema "mtu mwenye ulemavu", "asiyeona", "mwenye ulemavu wa akili", "mwenye usonji". Neno "kiziwi" limebaki kwa sababu wenyewe wamelikubali, na chama chao cha taifa kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Kumwita kiziwi "bubu" si haki, maana anayo lugha yake kamili, yaani Lugha ya Alama. Ukiwa na mashaka, muulize kijana mwenyewe anapenda aitweje. Mara nyingi atakujibu kwa jina lake, na hilo ndilo neno bora kuliko yote.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Methali hii hutumika kuwakanya wacheko, lakini inamfaa pia mwalimu. Inamkumbusha kuwa mstari autenganishao mwili wake na mwili wa mwanafunzi wake ni mwembamba, na waweza kufutika siku yoyote.

MATAYARISHO

Kabla ya kuanza warsha, mwanachuo ahakikishe mambo yafuatayo:

(a) Idhini. Apate ruhusa ya mkuu wa shule au kituo, na wazazi au walezi wajulishwe. Asiende peke yake. Wawepo watu wazima wawili au zaidi wakati wote. Picha zisipigwe bila ridhaa ya kijana na ya mlezi wake.

(b) Taarifa. Awaulize walimu wa kituo: nani anatumia dawa? Nani ana kifafa? Nani huogopa kelele? Nani asiguswe? Akianguka mwenye kifafa, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na asitiwe kitu chochote kinywani. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali mara moja.

(c) Mahali. Uwanja tambarare, wenye kivuli, usio na mashimo wala mizizi. Vijana wenye ualbino wasikae juani. Warsha ifanyike asubuhi au chini ya mwembe, nao wavae kofia na mikono mirefu. Jukwaa lenye ngazi liachwe. Yaigizwe yote chini, mahali kiti cha magurudumu kinapofika.

(d) Zana. Hazihitajiki fedha nyingi. Ngoma moja, debe, vibuyu vyenye mbegu ndani, khanga tatu au nne, kamba ya katani na mkeka vinatosha kwa muhula mzima.

NJIA ZA KUFUNDISHIA

Hakuna njia moja inayowafaa wote. Hata hivyo, yako mambo ambayo uzoefu umeyathibitisha.

Vijana viziwi. Jifunze salamu, majina na maagizo ya kawaida katika Lugha ya Alama ya Tanzania kabla ya siku ya kwanza. Ukumbuke kuwa hiyo ni lugha yenye sarufi yake, wala si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Simama mahali ambapo mwanga unakuangaza usoni, wala usiseme huku umegeuka. Ngoma iwekwe juu ya ubao ambao vijana wameukanyaga miguu mitupu, au waiguse pembeni wakati inapopigwa. Mapigo yaonyeshwe pia kwa mkono unaopanda na kushuka. Makofi yawe ya viganja vilivyoinuliwa na kutikiswa, ili ayaone yule anayepongezwa.

Vijana wasioona. Wape muda wa kuutembelea uwanja kabla ya mchezo. Mipaka ya jukwaa ionyeshwe kwa kamba iliyolazwa chini na kufunikwa kwa mkeka, ili mguu uitambue. Mwenzake mmoja atikise kibuyu upande wa kulia, ndipo mwigizaji ajue anakoelekea. Usimkokote, mpe kiwiko akishike mwenyewe. Taja jina lako kabla ya kusema. Na usiseme "fanyeni hivi" huku unaonyesha, bali eleza tendo kwa maneno: "Inua mkono wa kuume hadi usawa wa bega, kisha ulete kifuani."

Vijana wenye ulemavu wa viungo. Hapa kosa la kawaida ni kumpa mwenye kiti cha magurudumu kazi ya kupiga makofi pembeni wakati wenzake wanacheza. Jambo la kufanya ni kuitafsiri hatua ya ngoma. Kiini cha ngoma nyingi zetu hakimo katika nyayo pekee. Kimo mabegani, shingoni, kiunoni na katika mwendo wa kundi zima. Waulize vijana: "Hatua hii tunaifanyaje kwa mabega?" Kisha wote, wanaotembea na wasiotembea, waicheze kwa mabega. Kiti chenyewe chaweza kuzunguka, kuongoza msafara au kuwa mtumbwi katika hadithi. Lakini kisisukumwe bila idhini ya anayekikalia, maana ni sehemu ya mwili wake.

Vijana wenye ulemavu wa akili. Toa agizo moja kwa wakati mmoja. Onyesha, wafanye pamoja nawe, kisha wafanye wenyewe. Warsha ianze na kuisha kwa wimbo uleule kila juma, ili wajue mlango wa kuingilia na wa kutokea. Picha zilizochorwa kwenye kadi zisaidie kukumbuka mfululizo wa hadithi. Marudio yasikuchoshe. Kijana aliyerudia tendo moja majuma sita, na juma la saba akaongeza lake, amefanya kazi ya msanii.

Vijana wenye usonji. Waambie mapema kitakachofuata. Ngoma isianze ghafula. Pawepo pembe tulivu yenye mkeka, ambapo kijana anaweza kwenda bila kuomba na kurudi bila kulaumiwa. Asiyependa kushikana mikono ashike ncha ya khanga, na mwenzake ashike ncha ya pili; duara halitakatika.

MFANO WA ANDALIO LA WARSHA

Kundi: vijana 12 wa miaka 10 hadi 15, wenye ulemavu wa namna mbalimbali. Wasaidizi 4.
Muda: dakika 90.
Shabaha: Mwisho wa warsha kila kijana aweze kubuni tendo moja la mhusika na kulionyesha mbele ya wenzake.
Zana: ngoma, debe, khanga, kamba, mkeka, kadi za picha.

Hatua ya 1 (dakika 10): Duara la majina. Kila mmoja ataje jina lake kwa sauti au kwa alama, na kuliambatanisha na tendo la mwili. Wote walirudie. Msaidizi mmoja aeleze kila tendo kwa maneno kwa ajili ya wasioona.

Hatua ya 2 (dakika 15): Kunyoosha mwili. Kila kiungo kichezwe peke yake, kuanzia vidole hadi shingo. Kijana achague kiungo atakachoongoza nacho.

Hatua ya 3 (dakika 20): Mdundo unaosafiri. Pigo moja lizunguke duara, kutoka kiganja hadi kiganja, au bega hadi bega. Likishakaa sawa, kijana mmoja alibadilishe. Hapo anakuwa kiongozi.

Hatua ya 4 (dakika 30): Hadithi. Mwalimu asimulie ngano ya wanyama waliochimba kisima wakati wa kiangazi. Sungura alikataa kuchimba, kisha akaja kuiba maji usiku. Wanyama wenye nguvu walipewa zamu ya ulinzi, wakadanganywa mmoja mmoja. Mwishowe Kobe, ambaye wote walimcheka kwa uzito wake, akapaka ulimbo mgongoni akajilaza kando ya kisima, Sungura akanasa. Mwalimu asiigize yeye. Aulize: Simba alidanganywaje? Vikundi vya watu watatu watatu vibuni hila ya Sungura na kuionyesha.

Hatua ya 5 (dakika 10): Mazungumzo. Nini kilipendeza? Nini kibadilike? Nani angependa kuwa nani juma lijalo?

Hatua ya 6 (dakika 5): Wimbo wa kuagana.

Katika Hatua ya 4 wanachuo wengi huwa na haraka ya kugawa nafasi: mwenye magongo awe Kobe, mwenye nguvu awe Simba. Isiwe hivyo. Kijana achague mwenyewe. Simba aliyekaa katika kiti cha magurudumu hunguruma kama simba mwingine yeyote, na Sungura asiyeona aweza kuwadanganya walinzi kumi.

HADITHI NI YA NANI?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando (Mlama) na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, kaskazini mwa nchi. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walitafiti matatizo pamoja na wanakijiji, wakayachambua pamoja, wakatunga pamoja, na baada ya onyesho wakajadiliana. Njia hiyo inatufaa sana: vijana wenye ulemavu wamezoea kusemewa, na sanaa yaweza kuwa mahali pa kwanza wanaposema wenyewe.

Katika warsha moja niliyoisimamia, wanachuo walipendekeza igizo kuhusu mtoto aliyefichwa ndani ya nyumba kwa sababu ya ulemavu wake. Kwa mujibu wa mpango wao, mwishoni angefika mgeni rasmi na kiti kipya cha magurudumu, mlango ukafunguliwa, na wote wakaimba. Msichana mmoja atumiaye magongo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa nini afunguliwe na mgeni? Kwani mama yake hana ufunguo?" Kikundi kikanyamaza. Igizo lilitungwa upya, na mwisho wake ukawa mazungumzo marefu ya mama na binti mlangoni. Mgeni rasmi hakuwamo tena. Wazazi waliokuja kulitazama hawakupiga makofi mara moja. Walikaa kimya kwanza, kisha mmoja akaanza kusema, akafuatiwa na wengine.

Swali la msichana yule latufundisha zaidi ya kurasa nyingi za nadharia. Wanachuo waliona tatizo la mtoto kuwa ni ukosefu wa kiti. Yeye aliliona kuwa ni mlango, na ni nani mwenye ufunguo. Laiti angepewa karatasi ya kukariri, tusingelijua hilo.

Kwa hiyo tuziangalie kwa makini sherehe ambazo vijana wenye ulemavu huitwa mbele kuimba shukrani kwa ajili ya sabuni na magodoro. Si vibaya kushukuru. Lakini ikiwa kijana haonekani jukwaani ila siku ya kupokea, watazamaji hujifunza somo moja tu juu yake, naye hujifunza hilohilo juu ya nafsi yake. Mwalimu aulize kabla ya kila onyesho: Je, vijana wamelitaka? Je, wamechagua wenyewe cha kuonyesha? Je, mtazamaji ataondoka akiwahurumia, au akiwaza?

KUPIMA MAENDELEO

Kila Jumamosi msaidizi mmoja awe na daftari. Asiandike "walifurahi", maana neno hilo halimsaidii mtu. Aandike yaliyotendeka: nani aliongoza leo, nani hakupata zamu, nani alibuni jambo jipya, wapi maelezo hayakumfikia kijana fulani, na kwa sababu gani. Ikiwa kijana hakushiriki majuma matatu mfululizo, tatizo litafutwe kwanza katika njia yetu, si ndani yake.

KUJITOLEA NA KUONDOKA

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanachuo anayejitolea asipende kubaki mgeni. Apokee jembe: awahi, abebe mkeka, afagie uwanja, ajifunze alama. Tena atimize ahadi. Kwa vijana wengi waishio bweni, mtu aliyesema "Jumamosi ijayo" na hakuja, ni mmoja zaidi katika orodha ndefu ya walioondoka. Afadhali kuahidi Jumamosi sita na kuzitimiza zote, kuliko kuahidi mwaka na kutoweka baada ya mwezi.

Siku ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza. Katika majuma ya mwisho uongozi uhamishiwe kwa vijana wenyewe na kwa mwalimu wa kituo: wao waanze duara, wao wapige ngoma, wao wachague hadithi. Zana zibaki pale. Ikiwa warsha inaendelea baada ya wanachuo kufunga mizigo na kwenda zao, kazi imefanyika. Ikisimama siku hiyohiyo, basi ilikuwa warsha ya wanachuo, na vijana walikuwa watazamaji wake.

HITIMISHO

Sanaa za maonyesho hazihitaji shule tajiri wala mwalimu bingwa wa ngoma. Zahitaji mwalimu aliyejitayarisha, anayetimiza ahadi, na anayekubali kuongozwa na wale aliokuja kuwaongoza.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chagua ngoma moja ya kwenu. Eleza jinsi hatua zake tatu zinavyoweza kuchezwa na mtu aliyekaa.
2. Simulia ngano fupi bila kutumia mikono, ili asiyeona aielewe. Kisha isimulie bila sauti, ili kiziwi aielewe. Ni mambo gani uliyalazimika kuyabadilisha?
3. Mkuu wa kituo anataka vijana waimbe mbele ya mfadhili keshokutwa, nao hawataki. Utamwambia nini, na utawaambia nini wao?
4. Andaa warsha ya dakika 60 kwa vijana 8, wawili kati yao wakiwa na usonji. Onyesha pembe tulivu itakuwa wapi na itatumikaje.